Joto la Mota

Kabla hatujaoana, mke wangu alinikalisha chini akanifundisha namna ya kupishana na mama yake njiani. Ukimwona anakuja, alisema, toka njiani mapema, simama pembeni, inamisha macho, msalimie kwa sauti ya chini, kisha usubiri apite. Humpi mkono. Huli naye. Huingii chumba alichomo kama hakuna mtu mwingine. Kwetu nilikotoka pia mkwe ni mtu wa heshima, lakini nilikuwa nimekaa mjini kiasi cha kusahau, nikacheka. Yeye hakucheka.

"Siku hizi wengi wameacha," alisema. "Mama hajaacha."

Mama mkwe wangu alikuwa mjane. Mume wake alifariki kabla mimi sijaingia kwenye ukoo ule, kwa hiyo baba mkwe sikumwona. Nilimjua kwa vitu alivyoviacha: nyumba ya matofali ya kuchoma, shamba la zabibu lililopanda mteremko nyuma ya nyumba, kisima alichokichimba bondeni karibu na mto wa mchanga, na kibanda cha pampu pembeni ya kisima. Yote hayo yako kijijini, mashariki ya mji wa Dodoma, mahali ambapo ukitoka kwa pikipiki asubuhi unafika jua likiwa bado halijawa kali.

Mimi ni fundi umeme. Nyumba yetu iko Miyuji, na mke wangu anafundisha shule ya msingi Makole. Miaka hii mji unajengwa kila upande, kwa hiyo kazi hazikosekani: leo natandaza nyaya kwenye nyumba ya ghorofa, kesho nafunga pampu ya kisima kwa mtu aliyehamia kikazi. Jumapili baada ya ibada tulikuwa tunakwenda kijijini, na huko nikawa ninaishi kwa sheria za mama.

Tulikuwa tunakaa uani watu watatu, tumeachana hatua chache tu, na maneno yanapita kwa mke wangu kama barua zinavyopita posta.

"Mwambie mume wako ugali uko tayari," mama anasema, akiwa ametazama jiko.

"Mama anasema ugali uko tayari."

"Mwambie mama nashukuru."

"Anasema anashukuru, mama."

"Nimesikia," mama anasema.

Hapo mke wangu anageuza uso ili asicheke. Kisha mimi napelekewa ugali wangu wa uwele na mlenda upande wa pili wa nyumba, nakula peke yangu kama mfalme au kama mfungwa, sikuwahi kuamua ni kipi.

Mwaka ule upepo wa Julai ulikuwa mkali kuliko kawaida. Anayeijua Dodoma anaujua upepo huo: unaanza asubuhi na baridi yake, ukifika mchana umekausha kila kitu, hata midomo ya watu. Zabibu zilikuwa zimetia matunda, na matunda yakishatoka hayataki hadithi, yanataka maji. Mama akawa anamwagilia karibu kila siku, na uniti za umeme kwenye mita ya luku zikawa zinaisha kabla shamba halijashiba. Alimlalamikia binti yake kwenye simu. Jumapili iliyofuata mke wangu akaniambia, "Nenda ukaangalie ile mota. Mimi nitakuja nawe, usiogope."

Nilikuwa sijawahi kuingia kwenye kibanda kile. Tulifungua mlango wa bati, na kitu cha kwanza kilichonipokea ni joto. Nje tulikuwa tumevaa masweta. Ndani ilikuwa kama jikoni baada ya kupika. Mota ilikuwa inafanya kazi, kubwa, ya chuma kizito, rangi yake ya kijivu imebabuka, imefungwa kwenye zege na inazungusha pampu kwa mkanda. Nilipoweka kiganja juu ya kifuniko chake sikuweza kukiacha pale. Niliangalia bomba la kutolea maji, nikaona koki imefungwa karibu yote, imeachwa mwanya kidogo tu. Vumbi la miaka lilikuwa limeganda kwenye mkono wake.

Pembeni ya mota palikuwa na kigoda, na juu ya kigoda kanga iliyokunjwa vizuri. Kuku mmoja alikuwa ametulia chini yake, macho nusu yamefumba.

"Nani anakaa humu?" niliuliza.

"Mama," mke wangu alijibu. "Tangu baba afe. Asubuhi anawasha maji, anakaa hapo, anaegemea ukuta, mgongo wake uko karibu na mota. Anasema panamtuliza. Jua likipanda anatoka, anakwenda shambani."

Nilitoa mita yangu ya kupimia umeme, nikabana waya mmoja baada ya mwingine, nikasoma. Ilikuwa kama nilivyodhani. Mota ile iliwekwa kwa kazi kubwa sana, labda ya kupandisha maji kilimani, na kazi iliyopewa ilikuwa ndogo. Ni kama kuwasha lori ili kupeleka debe moja la mahindi mashineni. Na ile koki iliyobanwa ilizidisha, maana pampu inasukuma kwa nguvu zake zote halafu maji yanakutana na mlango uliofungwa. Dereva anayekanyaga mafuta huku ameshika breki anafika, ndiyo, lakini tangi lake linajua alichofanya.

Na joto lile. Umeme ukiingia kwenye mota, sehemu inakuwa kazi na sehemu inapotea. Ile inayopotea haipotei kwenda mbali. Inageuka kuwa kelele, mtikisiko, na zaidi ya yote joto. Mama alikuwa anaegemeza mgongo wake kwenye uniti alizonunua kwa jasho, ambazo zingepaswa kuwa maji kwenye mizabibu.

Nilimweleza mke wangu hayo yote palepale, kwa sauti ya chini. Alisikiliza akiwa ameitazama kanga.

"Mwambie mama," nilisema.

"Nimwambieje? Kwamba kitu pekee kinachompa joto asubuhi ndicho kinachomla?"

"Basi mwambie tu mota ni kubwa mno."

Tulirudi uani. Mke wangu alisema, mume wangu anasema mota ni kubwa mno kwa kisima hiki, ikiwekwa ndogo maji yatakuwa yaleyale na umeme utapungua. Mama alikuwa anapepeta uwele. Hakusimamisha ungo.

"Mwambie mume wako," alisema, "mota hiyo aliiweka mwenye shamba."

Hapo mazungumzo yakaisha. Njia nzima ya kurudi mjini mke wangu alinishika kiuno kwenye pikipiki bila kusema neno, na mimi nikajua si suala la mota tena.

Wiki chache baadaye, siku ya kazi, simu ya mke wangu iliita akiwa darasani. Baada ya muda akanipigia mimi. Mama amesema mota imeanza kulia kama mtu anasagwa, halafu imetoa harufu ya kuungua, halafu imezima. Matunda yalikuwa yamefikia hatua ya kujaa maji, ile hatua ambayo ukiyanyima sasa yanasinyaa na hayarudi. Na shule ilikuwa kwenye mitihani, mke wangu hakuweza kuondoka.

"Nenda wewe," alisema.

"Peke yangu?"

"Mtajua wenyewe," akasema, na kengele ya shule ikalia nyuma yake.

Nilipitia soko la Majengo kununua beringi, maana mlio wa namna ile kwa kawaida ni wa beringi. Kwenye duka la vipuri muuzaji alinionyesha za aina mbili. Nikachukua zile nzuri bila kubishana bei, jambo ambalo si kawaida yangu. Nilikuwa ninawaza nitasimama wapi nikifika.

Nilimkuta amesimama mlangoni mwa nyumba, kanga imevutwa hadi kwenye paji la uso. Nilizima pikipiki mbali, karibu na boma la mbuzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Upepo ulikuwa unapita kati yetu na vumbi lake. Mimi naangalia vidole vya miguu yangu, yeye anaangalia milima. Hakuna wa kumtuma. Kisha akamgeukia mbuzi jike aliyefungwa kwenye mti wa mwarobaini, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Wewe mbuzi, mota imelia tangu alfajiri na mimi sina cha kuifanya. Sijui kama huyu aliyekuja amebeba vyombo vyake."

Mbuzi alikuwa anatafuna. Nilisubiri, nikafikiri, kisha nikamtazama mbuzi yuleyule.

"Mbuzi," nilisema, "vyombo ninavyo. Ningeomba tu maji ya kunawa nikimaliza."

"Mbuzi, maji yapo kwenye ndoo nyuma ya kibanda."

Ndivyo tulivyoanza. Mchana ule mzima mbuzi yule alifanya kazi ya mke wangu, na sijawahi kumwona mbuzi mvumilivu kama yule.

Nilifungua mota. Beringi ya upande wa mkanda ilikuwa imevunjika, gololi zake zimesagika, na mhimili ulikuwa umeyumba mpaka nyaya za ndani upande mmoja zikaungua na kuwa nyeusi. Beringi nilizonunua zisingetosha. Mota ilihitaji kupelekwa karakana, nyaya za zamani zitolewe, zisukwe upya. Hiyo si kazi ya siku moja, na kama inafanywa vizuri si ya siku mbili.

Nilitoka nje nikamweleza mbuzi. Mama alitazama shamba. Majani ya juu yalikuwa yameanza kujikunja kwa kiu.

Hapo nikakumbuka kwamba nyumbani Miyuji nilikuwa na pampu ndogo yenye mota yake, za aina mpya hizi ambazo zimetengenezwa kwa uangalifu zisipoteze umeme. Niliinunua kwa kazi moja ya mjini iliyoahirishwa, ikawa imekaa chini ya meza kwenye kasha lake. Nikasema, mbuzi, nina pampu ndogo nyumbani. Nitaileta iazimwe tu, mpaka mota ya mwenye shamba ipone. Nilisema "ipone" bila kufikiri, kama vile mtu amelazwa.

"Mbuzi," mama akasema, "iazimwe tu."

Nilikwenda nikarudi. Kufunga pampu ile hakukuchukua muda, kwa sababu ilikuwa na uzito ambao mtu mmoja anaweza kuubeba kifuani. Nilipomaliza nilishika mkono wa koki ili niifungue yote. Ilikuwa imeshikana kwa kutu, nikaipaka mafuta nikaigonga taratibu. Mama alisogea hadi mlangoni mwa kibanda. Hakuwahi kunikaribia hivyo.

"Mbuzi," alisema haraka, ingawa mbuzi alikuwa mbali kule kwenye mwarobaini, "mwulize kama mabomba hayatapasuka."

"Mbuzi, mwambie hayatapasuka. Hii ina nguvu inayotosha, haina ya ziada."

Koki ikafunguka. Nikawasha. Pampu ilitoa mvumo mdogo, kama nyuki walio mbali, basi. Mama alisubiri kelele izidi. Haikuzidi. Akanitazama kidogo, mara moja tu, kwa mashaka, akaondoka kwenda shambani. Nilimwona anainama kwenye mfereji wa kwanza, anaingiza mkono, anausogeza kwenye mfereji wa pili, anaingiza mkono tena.

Aliporudi alichukua ungo wa majani ya mlenda, akakaa kwenye kivuli karibu na pipa analowekea maji ya nyumbani, akaelekeza bomba kwenye pipa na kuanza kuchambua. Sikuelewa anafanya nini hadi alipomaliza jani la mwisho, akasimama, akachungulia ndani ya pipa. Maji yalikuwa yamefika ukingoni.

"Ndivyo linavyojaa siku zote," alisema, akikung'uta mabua kwenye kanga. "Nikianza mlenda, nikimaliza limejaa." Sikujua kama ameniambia mimi, au mbuzi, au pipa.

Siku zilizofuata niliipeleka mota kubwa karakana. Mke wangu akawa anampigia mama kila jioni, na kila jioni mama alikuwa anaeleza mambo mengine yote: kuku, upepo, jirani aliyeuguliwa na ng'ombe. Uniti hakuzitaja. Mke wangu akauliza mwenyewe. Mama akasema, bado zipo. Siku nyingine akauliza tena, mama akasema kwa sauti ya mtu anayeshuku ameibiwa au ameiba: "Bado zipo tu. Mwambie mume wako aje aangalie ile luku, labda imeharibika."

Jumapili tulikwenda wote wawili. Luku haikuwa imeharibika. Mke wangu aliingia jikoni kupika, na mimi nikaenda bondeni kukagua kama maunganisho hayavuji. Mlango wa bati ulikuwa wazi. Nilipofika karibu nikamwona mama ndani, amekaa kwenye kigoda chake, amejifunika blanketi hadi shingoni. Mkono mmoja ulikuwa umetoka kwenye blanketi, umewekwa juu ya mota ndogo.

Nilitaka kurudi nyuma kimyakimya, lakini alishanisikia.

"Hii haina joto, mwanangu," alisema.

Niligeuza kichwa kutafuta anayeambiwa. Hakukuwa na mtu. Hata kuku hakuwepo.

Nilisimama pale nje ya mlango, nikaegemea ukuta upande wa nje ili nisimtazame, na kwa mara ya kwanza nikamjibu bila mjumbe.

"Ndiyo, mama. Haina."

"Ile ya mzee ilikuwa na joto kama mtu."

Fundi umeme anazoea kueleza mambo haya. Wateja wangu wa mjini ninawaeleza kila siku, ninawachorea hata kwenye udongo. Siku ile kila neno lilikuwa zito. Nilisema, mama, umeme unaoingia kwenye mota una njia mbili. Njia moja ni kusukuma maji. Ya pili ni kuwa joto. Mota kubwa ikipewa kazi ndogo, sehemu kubwa inakwenda kwenye hiyo njia ya pili. Joto lile ndilo lililokuwa linamaliza uniti.

Nilisikia upepo ukicheza na bati la paa. Nikajuta kusema.

"Kwa hiyo," alisema hatimaye, "nilikuwa naota moto wa zabibu zangu mwenyewe."

Kisha akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, kikavu, kikakatika ghafla, na nilipochungulia kwa pembe ya jicho nilimwona amevuta kanga mdomoni.

Sikuondoka. Hakunifukuza. Baada ya muda akaanza kuzungumza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesimulia kitu ambacho hajawahi kuombwa asimulie.

Mume wake aliumwa kifua miaka yake ya mwisho. Baridi ya Juni na Julai ilikuwa inamkaba. Siku moja akiwa kwenye kibanda anakaza mkanda, akagundua kwamba akikaa karibu na mota, mgongo ukiwa ukutani, anapumua vizuri. Tangu hapo kila asubuhi alikwenda kukaa pale, na yeye mama alikuwa anamletea uji wa uwele kwenye kibuyu. Alikuwa anampa, anasimama mlangoni anamsubiri amalize. "Mimi sikuwahi kukaa humu alipokuwa hai," alisema. "Mahali penyewe ni padogo. Nilianza kukaa alipokwisha kwenda."

"Na koki, mama? Nani aliifunga?"

"Mwenyewe. Alinunua mota kubwa apeleke maji hadi juu kule, palipo na yale mawe. Mabomba alishalaza. Alitaka apande mizabibu mpaka juu, watu wakipita barabarani waione. Kisima kikagoma. Ukivuta sana, kinakauka, unasubiri. Basi akaja hapa siku moja, akaibana koki, akasema, tutaifungua mwakani kisima kikikua." Akavuta blanketi mabegani. "Kisima hakikui. Mimi na yeye tulijua. Lakini tulikuwa tunasema hivyo kila mwaka, mwakani, mwakani."

Nilikuwa nimeshika mkono wa koki ule siku chache zilizopita nikaugonga kwa nyundo. Nilimwambia hivyo. Nikasema, mama, kama ningejua ningekuuliza kwanza.

"Ungeuliza ningekataa," alisema. "Na zabibu zingekufa. Acha."

Mke wangu akaita kutoka juu kwamba chakula kimeiva. Mama aliinuka kwa shida, magoti yakalia. Nilitoka njiani kama nilivyofundishwa, nikainamisha macho. Akapita. Alipokuwa amenipita kidogo akasema bila kugeuka, "Ile ndogo usiichukue."

Swali lililobaki lilikuwa mota kubwa. Karakana waliisuka vizuri, wakaipaka na rangi, ikarudi inang'aa kama imetoka dukani. Iliwekwa uani kwa mama, juu ya gunia, na kila aliyefika aliuliza ni ya nini. Mnunuzi wa vyuma alipita, mama akamfukuza kabla hajamaliza salamu. Nilimwambia mama kwamba mota ile haina ubaya wowote. Ubaya wake ulikuwa kukosa kazi ya kimo chake. Ikibebeshwa mzigo unaolingana nayo, inafanya kazi kwa heshima na umeme wake hauendi bure.

"Kazi gani ina kimo hicho?" aliuliza. Tulikuwa tumeshafikia hatua ya kuulizana, yeye akiwa jikoni na mimi nje ya dirisha.

"Hata kusaga nafaka."

Jumapili mbili baadaye tulikuta mota haipo juu ya gunia. Mke wangu alishtuka. Mama akasema imekwenda kanisani, akimaanisha kibanda kilicho nyuma ya kanisa, ambako kikundi cha kinamama kina mashine ya kusaga. Mashine ile ilikuwa inaendeshwa na injini ya dizeli iliyochakaa, siku mbili inawaka, siku tatu inatengenezwa, na wanawake wanatwanga kwenye vinu au wanabeba vichwani hadi kijiji cha pili. Umeme ulikuwa umefika hadi kanisani tangu zamani. Kilichokosekana ni mota.

"Umewapa?" mke wangu aliuliza.

"Nimewapa. Baba yako alikuwa mzee wa kanisa lile. Kuna ubaya?"

Kuifunga kulibaki kuwa kazi yangu, na nilikaa nayo Jumamosi nzima. Kinamama walikuja na magunia yao kabla sijamaliza, wakakaa kwenye nyasi wakanitazama, wengine wakitania kwamba fundi wa mjini ana mikono laini. Nilipoiwasha na kumwaga uwele wa kwanza, mota ilishuka sauti kidogo, ikakaa vizuri, ikavuta. Nilibana waya na mita yangu nikasoma. Ilikuwa imebeba karibu mzigo wake wote. Niliweka kiganja juu yake. Ilikuwa na uvuguvugu wa kawaida wa kitu kinachofanya kazi, na kiganja kilikaa.

Mama alikuwa amesimama nyuma ya wenzake. Hakuja mbele. Alisubiri wote wasage, kisha akaleta kikapu chake kidogo, akasaga wa mwisho.

Kibanda cha kisimani sikukiacha kikiwa baridi. Ukuta wake wa mashariki unapigwa na jua tangu linapochomoza, na kibanda chenyewe kinakinga upepo. Nilijenga pale nje benchi la matofali, nikalisiliba kwa saruji, nikaliegemeza ukutani. Mama alilitazama wiki nzima bila kulikalia. Mke wangu akaniambia nisiulize. Kisha siku moja tukamkuta amekaa, miguu ameinyoosha kwenye jua, kibuyu cha uji pembeni, na jirani mmoja bibi mwenzake amekaa upande wa pili. Ndani kibandani haikuwezekana watu wawili kukaa. Siku hizi asubuhi wanakuwa watatu au wanne, na mimi nikifika ninawasalimu wote kwa mbali na kwenda zangu.

Mwaka jana, baada ya mavuno, mama alimwambia binti yake kwamba anataka kumwona mwanamke aliyemzaa fundi. Alisema hivyo, fundi, jina ambalo amenipa. Mama yangu anaishi Singida, ni mzee kuliko yeye, na walikuwa wamekutana siku moja tu, siku ya harusi, katikati ya watu wengi. Nikampeleka mama mkwe kwa basi. Yeye alikaa kiti cha mbele na mimi nyuma kabisa.

Nilikuwa na wasiwasi wataongea nini. Mmoja ni Mgogo, mwingine ni Mnyaturu, na Kiswahili wote wawili wanakitumia kama kiatu cha kuazima. Walisalimiana, wakashikana mikono muda mrefu. Wakanituma niwaletee viti uani, kisha wakanituma niwaletee maji, kisha wakanituma niondoke. Kutoka nyuma ya nyumba niliwasikia wakilinganisha uwele wa huku na wa kule, wakilinganisha magoti yao, wakicheka kwa kitu ambacho nilipokaribia walikikatisha.

Siku ya kurudi nilimkuta mama mkwe bado hajafunga mzigo wake. Alikuwa amekaa mkekani na mama yangu, wanachagua mbegu.

"Nenda wewe," aliniambia. "Mimi nakaa mpaka mwezi uishe. Mwambie mke wako afungue maji Jumatano na Jumamosi, na majani ya chini ayapunguze."

"Na wewe utarudi na nani, mama?"

"Atanirudisha huyu," akasema, akimwonyesha mama yangu kwa kidevu, na wote wawili wakaendelea na mbegu zao kama sipo. Nikarudi Dodoma peke yangu.